KAMERA MFUKONI: Kupiga na Kutengeneza Picha kwa Simu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu vijana, dada zangu, wazazi wetu mliojumuika nasi, na wewe msomaji uliyeshika gazeti hili huku ukingojea adhana ya Magharibi, Ramadhan Karim. Mada niliyopewa ni picha za simu: vipi tuzipige zikapendeza, na vipi tuzitengeneze baada ya kuzipiga. Mzee mmoja alipoisikia aliuliza, "Hilo nalo lahitaji mhadhara? Si wabonyeza tu?" Swali zuri. Kubonyeza kila mtu aweza. Lakini hebu fungua simu yako sasa hivi utazame picha mia za mwisho. Ngapi kati ya hizo ungependa mtoto wako azikute miaka ishirini ijayo? Nyingi zitakuwa ni risiti, picha za kuchekesha ulizotumiwa, na sura moja imepigwa mara kumi na moja kwa sababu ya kwanza ilitoka na ukungu.

Tuanze na huo ukungu basi, kwa sababu dawa yake ni rahisi na mwezi huu twauhitaji zaidi. Mtu ametoka kukaanga sambusa, au amekula kiazi karai kwa mkono, kisha ameshika simu. Kidole kimepita juu ya lenzi. Lenzi ina mafuta. Kila taa katika picha sasa ina mkia, na rangi zimepauka kana kwamba chumba kina moshi. Halafu mtu asema simu yake imezeeka! Chukua kitambaa laini cha pamba, kikavu, upanguse lenzi kabla ya kila picha ya maana. Ncha ya kanzu safi nayo yafaa. Usitumie mate wala sabuni ya vyombo.

Sasa tuelewe chombo chenyewe. Sisi Waislamu tuna haki ya kujivunia kidogo hapa. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kuishi Misri hadi kufa kwake karibu mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir, kitabu kuhusu kuona na mwanga. Kabla yake wapo wakubwa waliodhani jicho ndilo linalotoa miale ikaenda kugusa vitu. Yeye alieleza kwamba mwanga ndio utokao kwenye vitu ukaingia jichoni, na akachunguza vile mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuchora sura upande wa pili. Kamera ni hiyo hiyo: chumba chenye giza, tundu, na ukuta wa kupokea sura. Ya kwenye simu imekuwa ndogo tu. Mwaka 1997 Philippe Kahn, huko California, aliunganisha kamera na simu akawatumia jamaa na marafiki picha ya binti yake aliyezaliwa siku hiyo. Mwaka 2000 Wajapani walikuwa wakiuza simu ya Sharp yenye kamera ya nukta 110,000. Leo simu ya kawaida ya dukani yajisifu kwa nukta milioni 50.

Hiyo milioni 50 isikutie wazimu lakini. Kipande kinachopokea mwanga ndani ya simu nyingi ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ukigawa kipande hicho kwa milioni 50, kila nukta yapata mwanga kiduchu. Ndio maana simu nyingi za aina hiyo huunganisha nukta nne zikawa moja na kukupa picha ya milioni 12 na kitu. Kwa hivyo usikope pesa ili ubadilishe simu. Kinachopungua katika picha zetu ni mwanga, na mwanga hauuzwi dukani.

Kwetu Pwani mwanga una tabia yake. Mombasa iko karibu nyuzi 4 tu kusini ya Ikweta, kwa hivyo jua huchomoza na kushuka karibu wima. Anga lazunguka nyuzi 15 kwa saa. Ile sehemu ya mwisho ya nyuzi 6 juu ya upeo, ambapo mwanga huwa wa dhahabu na vivuli vimelala, hapa kwetu humalizika kwa dakika kama 25. London mwezi wa Juni jua hushuka kwa mshazari na mwanga huo hudumu karibu mara mbili. Sasa fikiria: dakika zetu 25 zaangukia wapi? Zaangukia pale pale mama anapoita watoto waje wapange sahani, na foleni ya bajia imefika barabarani. Ukitaka picha ya Mji wa Kale, ya mnara wa msikiti, ya jahazi kwenye mlango wa bahari, utoke mapema, usimame mahali pako, ungoje. Ukianza kutafuta pembe wakati jua limeshagusa mapaa, umekosa. Na ukirudi nyumbani umechelewa, ujue mama hatasikiza habari za nyuzi.

Je, mchana? Jua la saa saba liko utosini. Mtu aliyesimama uwanjani atakuwa na macho meusi kama mashimo na paji la uso lang'ara. Usimpige pale. Mwingize barazani, au mlangoni, au katika kichochoro. Kuta zetu za chokaa zina faida ambayo wenye studio hununua kwa pesa nyingi: ukuta mweupe uliopigwa na jua ng'ambo ya njia hurudisha mwanga laini kwa mtu aliye kivulini. Msimamishe hatua moja ndani ya mlango, uso kuelekea nje, wewe ukiwa nje. Jaribu leo kwa ndugu yako, utaona ngozi yake ilivyo kweli.

Usiku, zima flashi. Flashi ya simu haifiki mbali, hatua tatu nne basi. Mtu apiga umati wa tarawehe kutoka mwisho wa uwanja na flashi imewaka. Kinachoangazwa ni kisogo cha aliye mbele yake tu. Na yule anayeswali amulikwe machoni kwa sababu gani? Badala yake tafuta mahali pa kuegemeza simu: ukuta, kiti, hata mwiko wa kaimati uliolazwa juu ya meza. Weka saa ya kuchelewesha, sekunde tatu, ili kidole chako kisiitikise simu. Simu zenye hali ya usiku hupiga picha kadhaa na kuzijumlisha kuwa moja, kwa hivyo yataka itulie hadi imalize.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hawajui na kiko katika karibu kila simu. Ukigusa skrini mahali fulani, simu hulenga pale na kupima mwanga wa pale. Ukibonyeza ukaacha kidole kidogo, hufunga kipimo hicho. Kisha telezesha kidole chini, picha yaingia giza. Juu, yazidi mwanga. Jifunze hilo kabla ya programu yoyote. Ukipiga machweo, gusa mawingu, kisha telezesha chini kidogo. Mtu aliye mbele yatakuwa ni umbo jeusi na anga itabaki na rangi zake. Ni picha ambayo uso hauonekani lakini kila amjuaye atamjua kwa kofia yake na namna anavyosimama. Nitarudi kwa hili.

Kuhusu kukuza kwa vidole viwili: katika simu nyingi huko si kukuza, ni kukata. Simu yachukua kipande cha katikati na kukitanua, nukta zikaonekana. Tembea usogee. Miguu ndiyo zumu bora zaidi. Na ukimpiga mtoto, chuchumaa ufike kimo chake, maana watoto wote wa ukoo wetu katika picha ni vichwa vikubwa na miguu midogo, kwa sababu sisi watu wazima twapiga tumesimama. Msikiti wa Mandhry pale Mji wa Kale una mnara wenye umbo la koni. Ukisimama chini yake na kuinamisha simu nyuma, mnara waonekana waanguka. Rudi nyuma kadiri njia inavyoruhusu, na zile mistari za gridi ziwashe kwenye mipangilio ya kamera ili upate wima. Kilichobaki kitanyooshwa baadaye.

Na sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali mada hii.

Ramadhan moja iliyopita tulikuwa na ugavi wa chakula katika mtaa mmoja. Unga, mchele, sukari, mafuta, tende. Waliochangia walitaka kuona kazi imefanyika, ni haki yao, na kijana mmoja alipewa kazi ya picha. Akawa awapanga wajane na wazee, kila mmoja ashike mfuko kifuani, atazame kamera. Bibi mmoja alipofikiwa aliuweka mfuko chini akasema, "Mwanangu, unga huu nitaupika utaisha kwa siku nne. Hiyo picha itaisha lini?" Hakuna aliyejibu. Yule bibi ana wajukuu shuleni, na wajukuu wana wenzao, na wenzao wana simu.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimekuwa nikitafuta vile kazi ile ingepigwa picha bila ya sura hata moja, na nimeona kwamba picha zenyewe huwa bora. Mikono miwili inayopokezana, mmoja umekunjamana na mmoja mchanga, imepigwa kutoka ubavuni kwa mwanga wa dirisha. Safu ya mifuko mia imepangwa barazani, simu ikiwa chini karibu na sakafu ili mfuko wa kwanza uwe mkubwa na wa mwisho upotelee mbali. Vivuli vya watu ukutani saa ya Alasiri. Ndara mlangoni, kubwa na ndogo. Mgongo wa mzee aondokaye na mfuko begani katika kichochoro, kile kile chenye ukuta mweupe. Mchangiaji atazamapo picha hizi aona mifuko imefika, na bibi yetu abaki na heshima yake. Ikiwa mtu ashurutisha kuwa lazima aone uso wa maskini ndipo atoe, muulizeni huo uso ataufanyia nini.

Na si adabu peke yake. Ni sheria pia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni data yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza shule moja hapa Kenya faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Vijana wa madrasa zetu mnaoweka picha za mashindano ya Qur'an mitandaoni, kusanyeni idhini za wazazi kwanza, kwa maandishi.

Upande wa akina dada mwalijua vizuri kuliko mimi. Arusi zetu za wanawake simu huachwa mlangoni, na wanaodhani huo ni ushamba hawajaona picha ya bibi arusi ikizunguka vikundi vya WhatsApp kabla hata hajafika kwa mumewe. Akikuambia usinipige, usimpige. Akikuambia futa, futa mbele yake, kisha ingia kwenye lile jalada la vilivyofutwa ufute na huko, kwa maana simu nyingi huiweka kwa siku thelathini. Mjadala wa wanazuoni kuhusu picha zenyewe mwaujua, na si mimi wa kuufunga. Muulize ustadh wako.

Haya, tutengeneze. Programu ziko nyingi na nyingi ni takataka zenye matangazo. Mimi natumia Snapseed kwa kuwa ni ya bure na haiachi nembo juu ya picha. Wengine hutumia Lightroom ya simu. Zote mbili huacha picha ya asili kama ilivyokuwa ukihifadhi nakala, na hilo lazingatie: asili usiiguse.

Kwanza nyoosha. Upeo wa bahari uliopinda humfanya mtu ahisi maji yatamwagika. Kisha kata pembeni: nusu ya uzuri wa picha ni kuondoa kile ndoo ya taka iliyoingia kwenye kona. Halafu mwanga. Usiongeze mwanga wa picha nzima kwa pupa. Inua vivuli kidogo, teremsha sehemu zilizozidi weupe. Sehemu iliyokuwa nyeupe kabisa haina kitu ndani yake, huwezi kurudisha kisichopigwa, ndio maana nilisema telezesha chini wakati wa kupiga. Baada ya hapo joto la rangi. Futari iliyopigwa chini ya balbu hutoka manjano, mbaazi na mahamri vyote rangi moja. Vuta upande wa buluu polepole hadi sahani nyeupe iwe nyeupe, na papo hapo utaona kijani cha giligilani kimefufuka. Mwisho ukali wa picha, kidogo sana. Ukiona nywele zaonekana kama nyaya, umepita.

Snapseed ina chombo cha kugusa sehemu moja tu: wabonyeza juu ya uso, waongeza mwanga wa uso pekee, mandhari yabaki. Hicho ndicho nitumiacho zaidi ya vyote. Picha ikiwa na rangi zinazogombana, jaribu nyeusi na nyeupe. Milango ya nakshi ya Lamu, kwa mfano, michongo yake huonekana vizuri zaidi rangi ikiondoka na mwanga ukitoka ubavuni. Filta zilizopikwa tayari nina shaka nazo. Zafanya picha ya Kisumu, ya Dubai na ya nyumbani kwenu zifanane.

Na hii ya kulainisha nyuso! Simu nyingi hutoka kiwandani zimewashwa "urembo", na urembo wenyewe ni kufuta vinyweleo na kuipauza ngozi. Twawakanya dada zetu wasijichubue kwa krimu, kisha twajichubua kwa simu, na wanaume ndio wengi. Ingia kwenye mipangilio uizime. Ile hali ya kutia ukungu nyuma ya mtu nayo itumie kwa hadhari: simu yakisia kingo za mtu kwa hesabu, na mara nyingi humeza ncha ya ushungi au nusu ya sikio.

Kuchezea picha kwenyewe si kugeni kwetu. Lamu kulikuwa na fundi aitwaye Omar Said Bakor, mwenye studio yake, aliyefariki mwaka 1993. Alijifunza mwenyewe, na alikuwa akikata na kuunganisha picha kwa mikono yake, akaweka watu mahali ambapo hawakuwahi kukaa. Watu walipenda, na hapana aliyedanganyika, kwa sababu mteja na fundi walikubaliana tangu mwanzo kuwa huu ni mchezo. Ukimpachika ami yako juu ya mnara kwa ajili ya kadi ya Idd, ami akacheka, hakuna neno.

Neno lipo pale mtu anapotakiwa aamini. Nitoe mfano ulio karibu na mwezi huu. Machi 2023 mtumiaji mmoja alichukua picha ya mwezi akaitia ukungu makusudi hadi mashimo ya mwezi yakapotea, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akaipiga kwa Samsung ya bei kubwa. Picha iliyotoka ilikuwa na mashimo! Kampuni ikaeleza kuwa simu huutambua mwezi na kuongeza undani wake kwa akili bandia. Yaani simu ilichora kilichokuwa hakipo mbele yake. Sasa kumbuka usiku wa kuamkia thelathini, picha ngapi za hilali hupita katika simu zetu, "umeonekana mahali fulani"? Nyingine ni za mwaka mwingine. Nyingine zimekuzwa na simu yenyewe bila ya mpigaji kujua. Na siku hizi kuna za kubuniwa kabisa, hazina mpigaji. Kwa lenzi ya kawaida ya simu mwezi ni nukta, upana wake angani ni nusu nyuzi tu. Ukiona hilali kubwa kama ndizi juu ya msikiti, shuku. Usiitume mbele. Mambo ya mwandamo yana wenyewe.

Mawili matatu ya matumizi nimalize. Picha ukiituma kwa WhatsApp kama kawaida hubanwa na kupoteza ukali. Chagua HD, au itume kama faili. Lakini faili huenda na siri zake, pamoja na mahali ilipopigwa kama umewasha, kwa hivyo zima mahali kwenye kamera, hasa ukipiga nyumbani na watoto wamo.

Na mkesha wa Idd ndio simu husema memori imejaa. Siku ya ishirini na saba au ishirini na nane, kaa na simu yako nusu saa baada ya tarawehe. Futa za kuchekesha. Hamisha nzuri kwenye kompyuta au kadi. Chagua kumi, uzipeleke dukani zichapishwe kwa karatasi, ya bibi iwe kubwa kuliko zote kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri kwenye skrini, na nyuma uandike kwa kalamu ni nani na ni mwaka gani.

Wabillahi tawfiq. Kama kuna maswali, nitakuwa pale nje karibu na tangi la maji, na simu yako njoo nayo.